Vihisishi vya Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu "oh", "ouch", "wow" na ndugu zao

Hapa nimekusanya maswali ninayoyasikia kila siku darasani kuhusu vile vineno vifupi vya Kiingereza ambavyo kwenye sarufi tunaviita vihisishi, wengine wanasema viingizi, ni kitu kilekile. Nafundisha Kiingereza watu wazima na kuna jambo linajirudia sana: mtu anapanga sentensi ndefu, nyakati zote ziko mahali pake, alafu mwenzake akimpa habari ya kushtua anabaki kimya au anatoa neno lisilo lake na mazungumzo yanakufa hapohapo. Kwa hiyo mimi vineno hivi navichukulia kwa uzito kabisa.

Kihisishi ni nini hasa?

Ni neno linaloweza kusimama peke yake likawa usemi mzima. Ukisema "Ouch!" hujataja nani wala nini wala lini, hamna kitenzi, hamna nafsi, na bado aliyekusikia ameshajua kwamba wewe, sasa hivi, umeumia. Hakina wingi, hakina wakati uliopita, hakikubaliani na neno lolote jirani. Jina lake la Kilatini lina maana ya kitu kilichotupwa katikati, na ndivyo kinavyofanya, kinatupwa kwenye mazungumzo bila kufungwa na sentensi yoyote.

Kuna kakisa nakapenda. Wagiriki wa kale walivihesabu vihisishi pamoja na vielezi, hawakuvipa nafasi yao. Wanasarufi wa Kirumi walipochukua mfumo huo wakakuta Kilatini hakina aina moja ya neno ambayo Kigiriki kinayo, ile tunayoikuta kwenye Kiingereza kama "the", sasa hesabu ya aina nane za maneno ikapungua, na wao wakavitoa vihisishi kwenye vielezi wakavifanya aina kamili ya neno. Ndiyo maana hadi leo vimo kwenye orodha za sarufi, mara nyingi mwisho kabisa, na mwalimu akiishiwa muda hilo ndilo somo linalorukwa.

Lakini si ni makelele tu? Mtu akiumia anapiga kelele, hahitaji lugha

Kulia hakuhitaji lugha, kweli. "Ouch" inahitaji. Mwingereza akijigonga anasema "ouch" au "ow", Mfaransa anasema "aïe", Mhispania "ay", Mjerumani "aua" au "autsch". Maumivu ni yaleyale, neno ni lingine, na mtoto anajifunza la kwao kama anavyojifunza neno la maji.

Ila tusiende mbali sana upande huo, kwa sababu mwili nao una mkono wake humu. Mwaka 2024 watafiti walichapisha kazi iliyolinganisha vihisishi vya maumivu, kinyaa na furaha kutoka lugha 131, na wakakuta kwamba vya maumivu vina tabia ya kubeba irabu ya mdomo wazi kama "a", au mchanganyiko kama "ai" na "au", katika lugha zilizo mbalimbali kabisa. Kwa vihisishi vya kinyaa na furaha hawakupata mfanano wa aina hiyo. Angalia hiyo mifano ya juu sasa: ow, aïe, ay, aua. Mdomo wote wazi.

Mwingine ni "huh?", ile ya kuuliza "eti?" pale hujasikia. Mtafiti wa lugha Mark Dingemanse na wenzake wawili walitoa makala mwaka 2013 wakionyesha kwamba lugha za mbali mbali duniani zina kineno kinachofanana sana na hicho kwa kazi hiyohiyo, kifupi, sauti mara nyingi inapanda, na kinatoka bila kufikiri sana. Na wenyewe wanasisitiza ni neno, manake kila lugha inakitamka kwa sauti zake na mtoto hazaliwi nacho.

"Oh" ina maana gani? Naisikia kila dakika na kamusi haijanisaidia

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kaa tulichambue.

Kamusi inakwambia "oh" ni mshangao, furaha, huzuni, maumivu, na kadhalika, yaani kila kitu, na neno lenye maana ya kila kitu huwezi kulitumia. Jibu zuri lilitolewa na John Heritage mwaka 1984, mtu aliyekuwa akichunguza mazungumzo ya kawaida yaliyorekodiwa. Alisema "oh" inatangaza kwamba kuna kitu kimebadilika kichwani mwa anayeisema. Sekunde moja iliyopita alikuwa hajui, sasa anajua. Au alikuwa amesahau, sasa kakumbuka. Sisi tuna neno la kazi hiyo tena zuri: kumbe. Siku nilipoanza kuwaambia wanafunzi "oh ni kumbe kwanza, mshangao baadaye", nusu ya matatizo yaliisha.

Tuchukue mfano mmoja tuugeuze geuze. Mwenzako anakwambia "The meeting is tomorrow." Ukijibu "Oh" fupi, sauti inashuka, umesema kumbe, sikujua, sawa. Ukisema "Oh?" sauti ikapanda, umemwambia endelea, mbona mimi najua vingine. Ukiipiga kwa nguvu, "Oh!", imekushtua, labda hujajiandaa. Ukiivuta ikapanda kidogo ikashuka, "Ohhh", umeunganisha mambo mawili, aah, ndo maana fulani alikuwa na haraka vile. Na ukiitoa chini chini taratibu, bila nguvu, umevunjika moyo. Kineno kimoja, habari tano, na zote zimo kwenye kiimbo. Hii ndiyo sababu huwezi kujifunza vihisishi kwa kusoma orodha.

Alafu angalia mahali ambapo "oh" haitokei. Mwalimu anauliza darasa "mbili mara tatu ni ngapi", mtoto anajibu "sita", mwalimu hasemi "oh", anasema "good" au "right", kwa sababu jibu alikuwa nalo toka mwanzo na hakuna kilichobadilika kichwani mwake. Angesema "oh" mtoto angedhani amekosea. Sasa fikiria wewe unamuuliza mtu "Where do you live?", anakujibu, na wewe unasema "good" kama mwalimu. Atajisikia anahojiwa. Hapo panataka "oh": "Oh, nice."

Jambo la mwisho hapa, "oh" ikitangulia jibu la swali huwa inasema kitu kuhusu swali lenyewe. Mtu akiulizwa kama anakipenda kitu ambacho kila mtu anajua anakipenda anajibu "Oh yes", na hiyo "oh" inabeba ujumbe kwamba hata hukuhitaji kuuliza. Kwa hiyo usiiweke ovyo mbele ya kila jibu.

"O" na "Oh" ni kitu kimoja?

Hapana. "O" ni ya kuita, kama "Ee" yetu ya kwenye sala, inaandikwa kwa herufi kubwa siku zote na haifuatwi na koma: "O Lord". Leo utaikuta kwenye sala, nyimbo za dini na mashairi ya zamani. "Oh" ndiyo ya mazungumzo.

"Lo!" ya Kiingereza ni sawa na "Lo!" yetu?

Zinafanana kwa maandishi tu. Yetu ni mshangao. Ya Kiingereza ni "tazama!", ni neno la kale la kwenye Biblia za zamani na leo limebaki karibu peke yake kwenye msemo "lo and behold". Ukimsikia rafiki kapata kazi ukaandika "Lo!" hatakuelewa, andika "Wow!" Na "alas" nayo isikuchanganye na "ala!" yetu. Ni huzuni, inatoka Kifaransa cha kale kwenye mzizi wenye maana ya kuchoka, na inasikika ya kivitabu sana.

Mtu akijikwaa mbele yangu nikamwambia "sorry", kwanini ananijibu "it's not your fault"?

Kwa sababu kwenye kichwa chako umesema pole na yeye kasikia samahani. Kiswahili kimetenganisha hayo mawili vizuri kabisa, pole ni ya kumhurumia mtu, samahani ni ya kukiri kosa. Kwenye Kiingereza cha sehemu nyingi za Afrika "sorry" inafanya kazi zote mbili na wanaoitumia hivyo wanaelewana bila shida, si makosa. Shida inakuja unapoongea na mtu wa Uingereza au Marekani, yeye "sorry" ya ghafla ghafla anaisikia kama wewe ndiye uliyemkwaza. Mimi mwenyewe ilinitokea, mama mmoja aliangusha mzigo wake miguuni pake nikasema "sorry, sorry", na yeye akaanza kunifariji mimi kwamba sikufanya kitu.

Sasa useme nini? Kwa kitu kidogo "Oops!" inatosha, au "Are you OK?" Kama kajigonga unaweza kusema "Ouch!" na hapa watu wengi wanashangaa, ndiyo, unasema "ouch" kwa maumivu ya mwenzako, ni njia ya kumwambia nimeona na najua imeuma. Kwa habari mbaya "Oh no!" ndiyo inatoka kwanza. Na kwa msiba "sorry" inarudi kufanya kazi ya pole kabisa ila ndani ya sentensi: "I'm so sorry", "I'm sorry to hear that".

"Oops", "uh-oh", "whoa", "phew", "ugh", zote si za kushtuka? Nazitofautishaje?

Kwa wakati. Kila moja ina sekunde yake. Fikiria glasi iko ukingoni mwa meza na kiwiko chako kimeigusa. Imeanza kuyumba na we umeiona: "Uh-oh", shari inakuja lakini haijafika. Inainama: "Whoa!", neno ambalo wapanda farasi walilitumia kumsimamisha farasi, na hadi leo lina ile harufu ya simama kwanza. Umeidaka? "Phew", hatari imepita. Imeanguka na ni ya plastiki? "Oops", kosa limetokea, ni dogo, na mara nyingi ni langu. Imevunjika na ilikuwa ya mwenye nyumba? Hapo "oops" ni utovu wa adabu, sema "Oh no!", alafu "I'm so sorry". Umeokota kipande kikakukata: "Ouch!" Na ukiona vipande vimetapakaa hadi chini ya kabati na ni wewe wa kufagia: "Ugh."

Kwa hiyo mtu akikwambia amefiwa au amefukuzwa kazi usimwambie "oops", hata kwa bahati mbaya. "Oops" inalifanya jambo liwe dogo.

"Yuck" na "ew" ni kinyaa. "Aww" ni kulainika moyo, umeona mtoto kalala au mtu kakufanyia wema, na unaivuta. "Yikes" ni hofu ya habari uliyoisikia zaidi kuliko ya kitu kilichokushika.

Haya maandishi "tsk tsk", "phew", "ahem", "psst" yanasomwaje?

Mengi yalianza kama sauti ambazo alfabeti ya Kiingereza haina herufi zake, watu wakabahatisha, na baadaye wengine wakaanza kusoma zile herufi kama zilivyo. "Tsk tsk" ni kidoko, ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya mbele na pumzi inavutwa ndani, mara mbili. Haiko sawa na kusonya, maana yake ni masikitiko au kumkanya mtu kwa upole, dharau yake ni ndogo. "Phew" kwa asili ni pumzi inayotoka kwenye midomo iliyobana, karibu na filimbi, ingawa wengi leo wanaisoma "fyu". "Ahem" ni kusafisha koo ili watu wageuke. "Psst" haina irabu hata moja na bado ni neno, sawa na "shh" na "hmm".

Mbili za kuangalia sana ni "uh-huh" na "uh-uh". Ya kwanza ni ndiyo: pumzi inapita katikati bila kizuizi na sauti kawaida inapanda. Ya pili ni hapana: koo linakabwa katikati, kama umetaka kukohoa ukajizuia, na sauti inashuka. Mwanafunzi wangu aliulizwa kwenye simu kama bado anakuja kwenye usaili, akaikaba koo akidhani anasema ndiyo, na wakamfuta kwenye orodha. Alikuja kuniuliza akiwa na uchungu kweli, na tangu siku hiyo nafundisha hizi mbili wiki ya kwanza. Kama huna uhakika na koo lako sema "yes" na "no".

"Gosh", "gee", "heck", "darn", haya ni matusi?

Ni maneno yaliyotengenezwa ili mtu asitukane. "Gosh" na "golly" zinakwepa jina la Mungu, "gee" na "jeez" zinakwepa jina la Yesu, "heck" inakwepa jehanamu, "darn" inakwepa "damn" ambayo ni laana. Mtu anaanza na sauti ileile, anageuza njia kabla hajafika. Zoea hili ni la zamani sana: "zounds" ilikuwa "majeraha ya Mungu" iliyofupishwa, na "blimey" ya Waingereza ilikuwa "Mungu anipofushe". Mwaka 1606 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kumtoza faini ya pauni 10 mwigizaji atakayetaja jina la Mungu kwa mzaha jukwaani, kwa hiyo waandishi wa michezo walikuwa na sababu za mfukoni pia za kuchagua maneno.

Ushauri wangu: "Oh my God" utaisikia kila mahali lakini kuna watu wa dini ambao inawaumiza, kwa hiyo ukiwa hujawajua watu sema "Oh my goodness" au "Oh my gosh". Hisia inafika ileile.

"OMG" si ni ya vijana wa simu?

Ina zaidi ya miaka 100. Admirali wa Uingereza, Lord Fisher, aliiandika kwenye barua kwa Winston Churchill mwaka 1917, na akaifafanua palepale ili aeleweke. Kamusi ya Oxford iliiingiza mwaka 2011.

Na "hello", nayo ni kihisishi?

Ndiyo, na mwanzoni haikuwa salamu ya adabu. Ilikuwa ya kumshtua mtu akusikie, au ya kushangaa umekutana na kitu. Simu ilipoingia Thomas Edison alipendekeza mwaka 1877 itumike kuanzia maongezi, Alexander Graham Bell yeye alitaka "ahoy" ya mabaharia. Ile maana ya mshangao bado ipo Uingereza, mtu anafungua droo anakuta kitu asichokitegemea anasema "Hello, what's this?"

Niweke koma au alama ya mshangao?

Hisia kali, alama ya mshangao na sentensi inayofuata inaanza kwa herufi kubwa: "Wow! You did it." Hisia ndogo, koma: "Oh, I see." Moja inatosha, tatu zinamfanya msomaji adhani unapiga kelele. Kwenye taipureta nyingi za zamani alama hii haikuwa hata na kitufe chake, mpiga chapa alipiga nukta, akarudi nyuma, akapiga koma ya juu, na nadhani tungekuwa na kazi hiyo leo tungeitumia kwa kiasi.

Barua ya kazi haitaki vihisishi kabisa. Ujumbe kwa wenzako ofisini, "Great!" na "Thanks!" hazina neno.

Kwanini mwalimu alinikata "How a beautiful house!"?

Kwa sababu "how" inataka sifa peke yake: "How beautiful!" Ukitaka kutaja na kitu chenyewe unahamia kwenye "what": "What a beautiful house!" Na kama kitu hakihesabiki unaiacha ile "a": "What beautiful weather!" Yote mawili ni ya kushangaa tu, hakuna swali, kwa hiyo mpangilio haugeuki, ni "How tall he is!" wala sio "How tall is he!"

Eti ukisema "ow" maumivu yanapungua kweli?

Kuna ushahidi. Utafiti wa mwaka 2015 uliwaweka watu mikono kwenye maji baridi sana, waliosema "ow" walivumilia muda mrefu kuliko walionyamaza. Kusikilizishwa "ow" iliyorekodiwa hakukusaidia, kwa hiyo lazima itoke kwako, ingawa kubonyeza kitufe nako kulisaidia. Kabla ya hapo, mwaka 2009, Richard Stephens na wenzake wa Chuo Kikuu cha Keele walionyesha kwamba kutukana nako kunaongeza uvumilivu, ukilinganisha na kutaja neno la kawaida la kuelezea meza.

Kinachonigusa zaidi ni habari za wagonjwa. Daktari Paul Broca, mwaka 1861 huko Ufaransa, alieleza kuhusu mgonjwa aliyepoteza usemi wote akabaki na silabi moja, "tan". Lakini akikasirika kwa kutoeleweka, ilimtoka laana nzima ya Kifaransa yenye jina la Mungu ndani. Sentensi zilikuwa zimeondoka, neno la hasira lilikuwa bado lipo.

"Um" na "uh" je, ni kasoro ya kuongea?

Watafiti wawili, Clark na Fox Tree, mwaka 2002 walionyesha kwamba zina kazi: "uh" inaashiria nitachelewa kidogo, "um" nitachelewa zaidi. Ni kama kusema subiri, bado ni zamu yangu. Kwenye Kiingereza ukinyamaza kabisa mwenzako anaichukua zamu, kwa hiyo "um" moja moja inakulinda.

Nianze na zipi, na nifanyeje mazoezi?

Anza na nne: "oh", "oops", "ouch", "oh no". Chukua mazungumzo yoyote ya Kiingereza yaliyorekodiwa, watu wawili wanaongea tu bila kusoma, sikiliza dakika tatu na kila ukisikia "oh" simamisha ujiulize huyu alikuwa hajui nini na sasa amejua nini. Alafu irudie kwa sauti, uinakili ile ngoma yake ya kupanda na kushuka kabla hata hujajali tahajia. Wanafunzi wangu wanarekodi yao kwenye simu wanazilinganisha, na kawaida wanagundua kitu kimoja: "oh" yao imenyooka kama mstari.